Albamu zangu za rock za 2024: nasimama na Mdou Moctar, na sisi watu wa Kati tungepaswa kumwelewa kuliko wote

#1 Gitaa la Veyula (mtoa mada), Januari 11, 2025

Mbukwenyi wakuu.

Mwaka umeisha, kila mtu kashusha orodha yake ya Bongo Fleva na Amapiano. Sasa wachache wa magitaa tujikusanye huku. Naweka msimamo mapema ili mpate cha kubishania: albamu bora ya rock ya 2024 ni Funeral for Justice ya Mdou Moctar. Ya pili Songs of a Lost World ya The Cure. Ya tatu Romance ya Fontaines D.C. Ya nne No Name ya Jack White. Ya tano nimeiacha wazi, nishawishini.

Kwa wasiomjua Mdou: ni Mtuareg (watu wa jangwa la Sahara) wa Niger, anapiga gitaa kwa mkono wa kushoto, anaimba Kitamasheq. Nyumbani kwao hawakutaka habari za muziki wa umeme, kwa hiyo gitaa la kwanza alijiundia mwenyewe, nyuzi zake waya za breki za baiskeli. Albamu ilitoka Mei 3, ina nyimbo 9. Kwenye wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, anawageukia viongozi wa Afrika na kuwauliza kwa nini masikio yao yako Ufaransa na Marekani tu. Gitaa linapokea pale alipoishia na linafoka mpaka mwisho. Sijasikia mwaka huu hasira iliyopangwa vizuri namna ile.

Hoja yangu ni hii: mtu aliyekulia Dodoma akisikia ilimba (kile kisanduku chenye ndimi za chuma za kupiga kwa vidole) na zeze hahitaji kufundishwa kuipenda albamu hii. Mara ya kwanza kuisikiliza nilihisi ule mlio naujua toka utotoni. Nataka kujua kama ni mimi tu. Na kama tuko wengi, sababu ni nini?

#2 Nkuhungu Kwetu

Siti ya mbele kabisa. Nasubiri wataalamu.

#3 Kuku wa Singida

Mkuu, wasikilizaji wa rock Dodoma mlikuwa wawili na mmoja kahamishiwa Mbeya 😂

Ila kwenye The Cure nakuunga mkono. Watu wamekaa miaka kumi bila albamu halafu wanarudi na kitu kizito vile. Ningeiweka namba moja.

#4 Fundi Redio

Kuku wa Singida, si kumi. Albamu yao ya mwisho kabla ya hii ilikuwa 4:13 Dream ya 2008. Hii imetoka Novemba 1, 2024, kwa hiyo ni miaka 16. Robert Smith, mwimbaji wao, alianza kuiahidi 2019, watu wakachoka kungoja.

Na mimi naiweka namba moja, juu ya Mdou. Wimbo wa kwanza, Alone, unapita dakika tatu nzima ndipo usikie sauti ya mtu. Kabla ya hapo ni dramu nzito zinazotembea polepole, besi, na kinanda kinachotanda juu yake. Redio gani ya kwetu itakuvumilia dakika tatu bila mtu kuimba? Nyimbo ni 8 tu, na wa mwisho, Endsong, unapita dakika kumi. Kuna mmoja ambao Smith aliuandika kwa ajili ya kaka yake Richard aliyefariki. Nilikuwa nimetoka kumzika mjomba Kongwa wiki ileile niliyousikia, nikiwa dukani peke yangu na redio ya mteja mezani. Nilifunga duka mapema siku ile.

#5 Binti Mpwapwa

Pole kwa msiba kaka.

Wengine naona mmejipanga madume matupu kwenye orodha. All Born Screaming ya St. Vincent iko wapi? Ilitoka Aprili, kaizalisha mwenyewe kwa mara ya kwanza bila kumwachia mzalishaji mwingine, na kwenye wimbo wa Broken Man aliyekaa kwenye dramu ni Dave Grohl wa Foo Fighters. Nafasi ya tano ni yake, ufunge mjadala.

#6 Kuku wa Singida

Dada, hiyo mbona ni kelele za kompyuta.

#7 Binti Mpwapwa

Utakuja kuniambia.

#8 Mwanakwaya

Turudi kwenye swali la mtoa mada. Hauko peke yako, mkuu. Mimi napiga gitaa kanisani, na nilipojaribu kumfuata Mdou kwenye Imouhar nilikuta vidole vinatua palepale ninapoviweka tukiimba nyimbo za asili ya Kigogo siku za mavuno. Jibu liko kwenye ngazi ya sauti, yaani mpangilio wa sauti zinazotumika kwenye wimbo. Watuareg wanatumia ngazi ya sauti tano, na Wagogo vilevile. Sikio limelelewa hivyo toka mgongoni kwa mama.

Kuna mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, amezunguka Afrika miongo mingi akichunguza muziki. Alieleza kwamba sauti za uimbaji wa Wagogo zinatokana na sauti ndogondogo zinazozaliwa ndani ya sauti moja kuu, kuanzia ya nne mpaka ya tisa. Chukua zeze, piga uzi mmoja mtupu, gusa kidogo kwa kidole sehemu mbalimbali bila kuukandamiza: utazitoa zote kwenye uzi uleule.

#9 Kondoa Irangi

Mwanakwaya, sauti tano ziko dunia nzima. Wachina wanazo, Waskoti wanazo, Wasukuma wanazo, wapiga blues wa Marekani wanazo. Kwa hesabu yako Mgogo akisikia filimbi ya Kichina angelia machozi ya kukumbuka Bahi.

Halafu kuna shida ya pili. Ile sauti ya saba ya huyo Kubik haipo kwenye gitaa. Mafundi wa gitaa wamegawa ngazi kwa vipimo vya Kizungu, ya saba inabaki chini kidogo ya pale palipo na kifito (kile kichuma cha kukatiza shingo ya gitaa). Kwa hiyo Mdou hapigi ngazi ya Kigogo, anapiga jirani yake.

#10 Mwanakwaya

Ndiyo maana uzi huvutwa. Unabonyeza kifito cha chini yake halafu unausukuma uzi kwa kidole, sauti inapanda taratibu mpaka unaifikia ile unayoitaka, hata kama haina kifito chake. Msikilize Mdou, karibu kila sauti ndefu anaifikia kwa kuvuta. Hakuna anayekaa juu ya vifito tu kama mtoto anayejifunza.

#11 Fundi Redio

Mwanakwaya uko karibu ila umepitiliza. Mimi nafungua na kufunga ampu kila siku, naona sababu ni mlio wenyewe, siyo ngazi.

Mmeshawahi kuishika ilimba ya Kigogo na kuigeuza? Kwenye sanduku kuna tundu dogo, na juu ya tundu kunabandikwa utando mweupe mwembamba, ule ambao buibui hufunikia mayai yake. Ukipiga ulimi wa chuma, sanduku linatetema na ule utando unatetemeka nao, mlio unatoka na mkoromo juu yake, kama nyuki kaingia ndani. Utando ukichanika fundi hakubali kupiga mpaka atafute mwingine. Kwa mzungu wa piano huo ni uchafu. Kwa Mgogo bila mkoromo ilimba haijaiva.

Sasa gitaa la umeme. Ampu ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya wimbi la sauti vinakatwa, na pale vinapokatwa zinazaliwa sauti nyingine juu ya ile ya kwanza. Ndiyo ule mkwaruzo wa rock. Wamarekani waliugundua miaka ya 50 kwa ampu mbovu na spika zilizochanika. Sisi tulikuwa nao kwa buibui. Kwa hiyo ukimsikia Mdou akifoka, sikio linasema: hii ilimba ni ya nani?

#12 Nkuhungu Kwetu

Nimesoma hii komenti mara mbili. Uzi umenoga.

#13 Mzee wa Kikuyu

Vijana, habari za leo. Mnazungumza kama vile gitaa la umeme limefika Dodoma na simu za kuperuzi.

Patrick Balisidya alizaliwa Mvumi, hapohapo kwa Wagogo, mwaka 1946. Aliunda Afro 70, akaandika Harusi na Dirishani, na mwaka 1977 bendi yake iliiwakilisha Tanzania kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi, kule Lagos. Baadaye alirekodi na bendi ya Kiswidi iliyoitwa Archimedes Badkar, albamu ikaitwa Bado Kidogo. Akafariki 2004. Kijana wa Mvumi na Waswidi wenye nywele ndefu, mnataka rock gani tena?

Na Dar walikuwepo Sunburst, afro-rock kamili. Albamu yao Ave Africa ni ya 1976, na wazungu wa kampuni ya Strut waliitoa upya 2016. Sisi tulivaa bugaluu (suruali pana chini) na raizoni (viatu vya soli nene) tukacheza hayo. Kwa hiyo mtoa mada, huo mlio unaoujua toka utotoni huenda baba yako alikuwa anausikia Radio Tanzania, RTD, wewe ukiwa sakafuni unatambaa. Usimsingizie buibui.

#14 Kuku wa Singida

Mzee shikamoo. Tuwekee picha ya raizoni.

#15 Mzee wa Kikuyu

Marahaba. Picha ninazo, ila mama watoto kazificha.

#16 Gitaa la Veyula

Mzee, shikamoo na asante sana. Afro 70 nawajua kwa nyimbo tu, la Mvumi limenigusa.

Lakini baba hakuwa na redio ya kueleweka mpaka nilipokuwa darasa la tano. Alichokuwa nacho babu, kule Bahi, ni zeze la nyuzi mbili, na nyuzi zenyewe zilikuwa waya zilizochomolewa kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Nilipokuja kusoma habari za gitaa la kwanza la Mdou nilisimama nikaizunguka meza.

#17 Dereva wa Manyoni

Wataalamu mnajichosha. Mimi nabeba mzigo, njia yangu ni Dar, Dodoma, Manyoni, Itigi. Albamu hii nimeisikiliza barabarani kuanzia Kintinku mpaka naipanda Sekenke nikiwa na safari ya Shinyanga. Kilichonishika ni mdundo. Kule kwao kuna ngoma ya wanawake, tende, na magitaa ya Kituareg yamejengwa juu yake. Ule mwendo unayumba, ukihesabu mbili uko sawa, ukihesabu tatu uko sawa pia. Nyumbani wanawake wakiisimamisha muheme, ngoma ya Kigogo, mambo ni hayohayo. Mguu unajua kabla ya kichwa. Sauti tano na buibui mtavijadili baadaye.

#18 Kondoa Irangi

Mimi ni Mrangi, nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kugusa zeze wala kucheza muheme. Tumelelewa na kaswida. Na albamu imenikaa moyoni vilevile. Mnanieleza vipi mimi?

Ukweli ni mfupi. Mdou anapiga gitaa kuliko karibu wote waliotoa albamu 2024. Yeye mwenyewe husema alijifunza kwa kutazama video za Eddie Van Halen, yule mpiga gitaa wa rock wa Marekani, na ile mikono miwili juu ya shingo ya gitaa inaonekana waziwazi. Mpiga besi wake Mikey Coltun ni Mmarekani na ndiye mzalishaji. Hii ni rock ya dunia, mtu yeyote mwenye masikio ataipenda, awe wa Kondoa au wa Korea. Mnaifanya mali ya ukoo.

#19 Bando la Usiku

Kuna aliyefikiria YouTube? Mimi niko chuo, nasikiliza saa sita usiku bando likiwa la bei rahisi. Nilikuwa naangalia Tinariwen, bendi nyingine ya Watuareg, video zilipoisha ikajileta yenyewe ya Mdou. Ukipewa kitu mara kumi lazima ukizoee, halafu unadhani ulizaliwa nacho. Mtoa mada aangalie historia yake ya YouTube kwanza.

Kuhusu nafasi ya tano: From Zero ya Linkin Park. Naona wazee wote mmeiruka.

#20 Kuku wa Singida

Linkin Park bila Chester, mwimbaji wao? Hapana.

#21 Bando la Usiku

Chester kafariki Julai 2017. Bendi imekaa kimya miaka saba, wamempata Emily Armstrong, na dada anaweza kupiga kelele mpaka koo linatoa moshi. Ulitaka wafe wote? Sikiliza The Emptiness Machine: Mike Shinoda anaanza peke yake, unasema sawa, ndiyo haya ya siku zote, halafu Emily anaingia na wimbo mzima unainuka. Hosteli yetu tuliupiga mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

#22 MgogoHalisi

Nimechelewa, nilikuwa Chamwino. Nashangaa uzi umefika hapa na hakuna aliyemtaja marehemu Hukwe Zawose, gwiji wetu wa ilimba na zeze.

Mnabishana kama gitaa la umeme na zeze vinafanana, wakati vilishawekwa chumba kimoja. 2002 Hukwe alitoa Assembly kupitia Real World, kampuni ya Peter Gabriel, pamoja na Michael Brook wa Kanada. Huyo Brook ndiye aliyebuni gitaa ambalo sauti yake haifi mpaka uiachie mwenyewe, na The Edge wa U2 alilitumia kwenye With or Without You. Kwa hiyo vifaa vya rock ya Ireland na ilimba ya Kigogo vimepita kwenye mkono mmoja. Sikilizeni ile albamu kisha mrudi kubishana.

Na 2024 hiyohiyo, mwezi wa sita, Pendo na Leah Zawose wakatoa Maisha kwa jina la The Zawose Queens, kampuni ileile. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo ule walikuwa nyuma kwenye ngoma na kuitikia, sasa wako mbele. Mtoa mada, nafasi ya tano ndiyo hiyo.

#23 Kuku wa Singida

Maisha ni nzuri lakini si rock.

#24 MgogoHalisi

Jack White na gitaa lake la plastiki ni rock, ila ilimba inayokoroma hivyo si rock. Sawa.

#25 Fundi Redio

Tusimguse Jack White bure. No Name wateja wa maduka yake ya Third Man, Detroit, Nashville na London, waliikuta imetumbukizwa bure kwenye mifuko yao Julai 19, ganda jeupe, haina jina la msanii wala majina ya nyimbo. Watu wamefika nyumbani wanaweka sindano, ndiyo wanajua ni yeye. Wiki mbili baadaye ndipo ikatoka rasmi. Mtu wa sasa kuacha sahani ijitambulishe kwa mlio peke yake, huo ni ujasiri, na magitaa ya mle ndani yanabeba.

#26 Nkuhungu Kwetu

Mimi nina la Romance tu. Nilipanda SGR kwenda Dar mwezi wa kumi, nikaweka spika za masikioni tangu treni inaondoka. Starburster inaanza, katikati ya maneno jamaa anavuta pumzi kwa nguvu, hhhaaa, kama mtu aliyetolewa majini. Nilidhani ni abiria wa nyuma anazidiwa, nikageuka kabisa. Baadaye nikasoma kwamba Grian Chatten, mwimbaji wa Fontaines, aliuandika baada ya kushikwa na hofu ya ghafla kwenye stesheni ya St Pancras, London, pumzi ikakata. Nilipoelewa hilo nikaurudia mpaka Morogoro. Kwangu ndio wimbo wa mwaka, na albamu nzima ina nyimbo za kushika, hasa ule wa mwisho, Favourite, ambao umetulia kabisa.

#27 Kuku wa Singida

Haya, na mimi niseme la kwangu kwa kirefu maana naonekana mpinzani tu. Invincible Shield ya Judas Priest, Machi 2024, albamu ya 19. Mwimbaji wao Rob Halford alikuwa na miaka 72 na bado anapanda juu kule ambako vijana wa kwaya wanakohoa. Mpiga gitaa Glenn Tipton anaugua Parkinson na bado jina lake limo kwenye utunzi. Mnaotafuta hasira ya Afrika, Togo kuna Arka'n Asrafokor walitoa Dzikkuh, metal na ngoma za Kiewe humohumo ndani. Kenya kuna Lord Spikeheart na The Adept. Hao hawana hata mstari mmoja kwenye uzi huu.

#28 Dereva wa Manyoni

Kuku wa Singida hapo umenikosha. Arka'n nimewatafuta sasa hivi nikiwa mizani. Wanapiga kengele ileile ya ngoma za kwao na gitaa linaifuata kengele. Narudia: mdundo.

#29 Binti Mpwapwa, Februari 3, 2025

Wakuu amkeni. Grammy zimetoka usiku wa kuamkia leo. All Born Screaming imechukua albamu bora ya alternative, na Broken Man umechukua wimbo bora wa rock. Kelele za kompyuta, eh? Kuku wa Singida njoo hapa.

#30 Kuku wa Singida

Hongera bibie. Lakini albamu ya rock wamepewa Rolling Stones na Hackney Diamonds. Hiyo si ya Oktoba 2023? Wameibiwa Fontaines.

#31 Fundi Redio

Dirisha lao la kupokea albamu lilianza Septemba 16, 2023 likafungwa Agosti 30, 2024. Hackney Diamonds imo. The Cure ya Novemba haimo, inasubiri mwakani. Kwa hiyo mshindi wa Grammy si kipimo cha "2024" ya mtoa mada.

#32 Mwanakwaya

Habari muhimu kuliko Grammy: Februari 28 Mdou anatoa Tears of Injustice. Ni Funeral for Justice yote, imerekodiwa upya kwa magitaa makavu, yasiyo ya umeme. Mapinduzi ya Niger ya Julai 2023 yaliwakuta wako ziarani Marekani, njia za kurudi zikafungwa, ikabidi wachangishe fedha za kujikimu. Ndipo wakairekodi.

Fundi, huu ni mtihani wako. Umeme ukitoka na mkwaruzo umetoka. Tukisikia bado panafanana na kwetu, hoja ya buibui imeanguka.

#33 Fundi Redio

Naukubali mtihani. Na ikisikika kama muziki wa hotelini, yako ya sauti tano ndiyo itakayoanguka, maana sauti tano zitakuwepo zilezile.

#34 Gitaa la Veyula, Machi 2, 2025

Nimeisikiliza jana, taa zimezimwa, mara ya kwanza mpaka mwisho bila kusimama. Kwangu bado ni kwetu, tena imesogea karibu zaidi. Ile ya kwanza ilikuwa mtu anayefoka mkutanoni. Hii ni mtu yuleyule kakaa chini nyumbani kwake, maneno ni yaleyale, sasa unasikia kwamba ana huzuni. Oh France bila umeme unatisha zaidi. Naelekea kwa Mwanakwaya na Dereva.

#35 Fundi Redio

Usikimbilie huko. Weka spika za masikioni nzuri uisikilize tena, siyo sabufa. Gitaa kavu likipigwa kwa nguvu, uzi unagonga vifito na kuacha mkwaruzo mwembamba. Mafundi wa studio wangeweza kuusafisha, wameuacha. Mkoromo haujatoka, umepungua.

#36 Kondoa Irangi

Kwa hiyo hoja yako haiwezi kushindwa. Ikikwaruza umeshinda, isipokwaruza umesikia vibaya.

Mimi ya pili imenipoa. Nilichokipenda ni gitaa linalokimbia, na hapa limetembea. Hilo linaunga mkono nilichosema: tulimpenda kwa ufundi wa Van Halen.

#37 MgogoHalisi

Nimeipeleka Chamwino kwa mama, kwenye simu tu. Yeye kaimba nindo, uimbaji wa asili wa Wagogo, maisha yake yote. Gitaa hakulisemea kitu. Zilipofika sehemu za watu wanaoitikia, aliniambia nirudishe nyuma. Akasema huyu anayeanzisha haachi wenzake wamalize, anawadaka njiani, ndivyo inavyotakiwa. Nasoma kwamba sauti za waitikiaji zilirekodiwa Niger kwa kinasa sauti kidogo cha mkononi na Ahmoudou Madassane, mpiga gitaa wa pili, aliporudi nyumbani.

Kwa hiyo mimi naongeza sababu ambayo hakuna aliyeitaja: kupokezana. Ngazi, mkoromo na mdundo vyote vinakuja baada ya hapo.

#38 Dereva wa Manyoni

Mama shikamoo yake. Lakini kumdaka mwenzio njiani ni suala la wakati, na wakati ni mdundo 🙏

#39 Kondoa Irangi

Na mama wa Kimakonde na wa Kihaya wangesema hivyohivyo.

#40 Mzee wa Kikuyu

Na Balisidya alifanya hivyo kwenye Harusi. Sikilizeni vizuri.

#41 Fundi Redio

Naomba tuamue kwa vifaa. MgogoHalisi, lete zeze moja na ilimba moja kutoka Chamwino. Nitabandika kinasa kidogo cha gitaa kwenye sanduku, tupitishe kwenye ampu, tuone nani atasema hiyo si rock. Mwanakwaya aje na ampu ya kanisani.

#42 Mwanakwaya

Ampu ya kanisani haitoki bila ruhusa ya mwalimu wa kwaya, na mwalimu wa kwaya akisikia neno rock nitarudishwa kwenye kupanga viti.

#43 Fundi Redio

Basi ninayo ya wati 30 dukani, Majengo. Jumapili baada ya ibada ya pili. Na Kuku wa Singida aje na jina lake, mkaa nitaweka.

#44 Binti Mpwapwa

Nakuja na St. Vincent kwenye flashi. Mtoa mada, nafasi ya tano bado hujaijaza.